Rangi ya Nili Barazani kwa Bi Candace

Kitu cha kwanza alichokiona Ozella kilikuwa nyigu mmoja aliyebeba tonge la udongo.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Ozella alikuwa anafuta viti vya kubembea barazani kwa Bi Candace Whitlow, vile vinane ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvikalia, akainua macho. Dari la baraza lilikuwa limepakwa rangi ya buluu wiki iliyopita. Nyigu alizunguka mara mbili, akachagua kona, akaanza kujenga.

Nyigu hajengi chini ya buluu ya kweli. Kila mtu aliyezaliwa upande wa akina Ozella wa kisiwa analijua hilo, kama anavyojua miezi ambayo chaza hawaliwi. Alifikiri amwambie Bi Candace kwamba ameuziwa rangi isiyo na kazi. Hakumwambia. Ozella hakuwa msemaji. Shule aliiacha kabla ya wakati, bibi yake alipoanza kuugua, na tangu hapo maneno yake mengi yalianzia kichwani na kuishia humo humo.

Bi Candace alitoka na simu mkononi.

“Ozella, mpenzi, sogea kidogo. Uko kwenye picha.”

Ozella akasogea.

“Si inapendeza? Inaitwa Pumzi ya Kusini. Ni ile rangi yenu ya kufukuzia mizuka.”

“Ndiyo, Bi Candace.”

Bi Candace alikuwa ametoka Ohio miaka minne iliyopita. Mwaka wa kwanza alijifunza kuburuza maneno. Mwaka wa pili alimpa mbwa wake jina la ua la huko Kusini. Mwaka wa tatu alianza kusema “sisi watu wa hapa Carolina”, na hakuna aliyecheka, kwa sababu majirani zake walitoka New Jersey na walikuwa wakisema hivyo hivyo. Mahali walipoishi paliitwa Shamba la Wexcombe. Hapakulimwa kitu isipokuwa nyasi za gofu. Palikuwa na ukuta, lango, mlinzi, na mgahawa uliouza uji wa mahindi kwa kamba, chakula cha asubuhi cha wavuvi, kwa dola thelathini na nane. Waliokula waliupiga picha kwanza. Wengine waliupiga picha tu.

Kabla ya ukuta palikuwa na nyumba za akina Mungin, akina Bligen na akina Frazier. Verdie Mungin, bibi yake Ozella, alizaliwa pale ilipo sasa gereji ya Bi Candace. Ardhi ile iliuzwa kwa mnada kwenye ngazi za mahakama ya wilaya, siku ambayo wenyewe hawakuambiwa kwamba kuna mnada. Kilichobaki ni makaburi. Yalikuwa kati ya shimo la kumi na nne la gofu na kinamasi, kwa sababu watu wa kwao huzikwa karibu na maji.

Alhamisi, babu yake Ozella, Cephus Mungin, ambaye alikuwa amekufa miaka kumi na tisa iliyopita, alikuwa amekaa barazani kwa Bi Candace kwenye kiti cha tatu.

Alivaa suti aliyozikwa nayo. Viatu vilikuwa na tope. Bi Candace alimpa kahawa, kwa sababu kitabu chake cha ukarimu wa Kusini kilisema mgeni apewe kitu kwanza, kisha akapiga simu langoni kuuliza ni nani aliyemruhusu kuingia.

“Hakuingia, mama,” alisema mlinzi. “Alikuwa humo humo.”

Kufikia Jumapili, wafu walikuwa wamekaa kwenye baraza kumi na moja. Jumla yao walikuwa thelathini na mmoja. Hawakumsumbua mtu. Walibembea, wakatazama barabara, na kila aliyepita na kikombe walimwangalia mkono.

Ozella alimpelekea bibi yake habari jioni ile. Verdie alikuwa kitandani katika nyumba ya magurudumu, kando ya barabara kuu, nje ya ukuta. Moyo wake ulikuwa umechoka, lakini ulimi bado.

“Bibi, Babu amekaa kwa Bi Candace.”

“Kiti gani?”

“Cha tatu.”

“Amekunja miguu?”

“Ndiyo.”

“Huyo ni Cephus. Mwambie asiwakunjie miguu watu wasiojua hata kukoroga uji.” Verdie alikohoa, akapumzika. “Wamechukua vyombo, siyo?”

Walikuwa wamechukua. Kwa desturi ya kwao, juu ya kila kaburi huwekwa kitu ambacho marehemu alikishika mwisho: kikombe, saa, taa, chupa ya dawa. Kwanza hukivunja kidogo, ili mnyororo wa vifo ukatike na mtu mwingine wa nyumba ile asifuate. Mwezi wa Aprili walikuja wapiga picha wa jarida moja la mapambo ya nyumba, na Kamati ya Wakazi ikaagiza makaburi yasafishwe. Zilitoka takataka mifuko kumi na mmoja.

“Mtu akichukuliwa kikombe chake,” alisema Verdie, “ataenda kukaa palipo na vikombe. Kuna ajabu gani?”

“Bi Candace anashangaa kwa nini rangi haijawafukuza.”

“Rangi ya dukani?”

“Ya dukani.”

“Hata ingekuwa ya kweli.” Verdie alifumba macho. “Nani amekwambia mtu anapaka rangi kumfukuza mume wake? Ile ni ya jinamizi, mtoto. Anaingia nyumba isiyo yake, anakukalia kifuani umelala, anakunywa pumzi yako. Asubuhi yeye amenona, wewe umekonda, na anakuuliza kama umelala vizuri. Sasa babu yako kamkalia nani?”

Ozella alikunja shuka upande wa miguuni.

“Nikifa mnipeleke kwa Cephus,” alisema Verdie. “Wakikwambia makaburi ya wilaya, kule nyuma ya duka la matairi, ukatae.”

“Nitakataa, Bibi.”

“Wewe? Wewe mtu akikukanyaga unamwomba radhi.”

Wiki ile Kamati ya Wakazi ilimwita Ozella. Ilikutana kwenye ukumbi wa gofu, chini ya picha kubwa ya mwanamke mweusi anayesuka kikapu. Hakuna aliyejua jina la yule mwanamke. Ozella alilijua, alikuwa shangazi yake Lurene, lakini hakuulizwa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kessler, aliyevaa tai fupi yenye picha za kaa.

“Ozella, tuelewane,” alisema Bwana Kessler. “Sisi hatuna ubaya na wafu wenu. Tunawaenzi. Tumeweka bango.”

“Ndiyo, Bwana Kessler.”

“Shida ni viti. Bwana Pruitt ana wageni kutoka Cleveland na hawana pa kukaa. Sasa, Candace anasema nyinyi mna ile rangi halisi. Ya kienyeji. Hawa watu wakiiona si wataondoka?”

Ozella alitazama mikono yake. Alikuwa na barua mfukoni, aliyoiandika mara nne, ya kuomba bibi yake azikwe ndani. Aliitoa akaiweka mezani. Bwana Kessler akaisoma. Akampa Bi Candace, aliyekaa kando yake, naye akasema oh, na akaweka mkono kifuani.

“Hili ni jambo gumu,” alisema Bwana Kessler. “Kaburi jipya litaonekana kutoka shimo la kumi na nne. Lakini tufanye hivi. Tengeneza rangi. Wakiondoka, tutamfungulia bibi yako. Neno langu, kama mtu wa Kusini.”

Bwana Kessler alikuwa wa Pennsylvania.

Ozella alienda nyumbani akamwambia bibi yake. Verdie alicheka hadi ikabidi ainuliwe akalishwe.

“Wamekuomba wewe mwenyewe?”

“Ndiyo.”

“Kwa midomo yao?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Basi chukua kalamu.”

Alimwelekeza akiwa kitandani. Nili iliota yenyewe kando ya mtaro, mabaki ya mashamba ya zamani ambayo babu zake walilimishwa kwa viboko. Ozella aliikata, akailoweka hadi maji yakanuka na matope ya buluu yakatuama. Alichoma makombe ya chaza, akayaponda yakawa chokaa. Alichimba shimo ardhini, akamimina nili, chokaa na mtindi, akakoroga kwa kijiti siku mbili. Anayekoroga hatakiwi kuzungumza. Sharti hilo halikumsumbua Ozella.

Ijumaa alipanda ngazi akapaka dari la Bi Candace, kisha milango ya mbele na fremu zake. Rangi ilikuwa hafifu kuliko ile ya dukani, na ilikauka na mabaka. Kabla hajamaliza kona ya mwisho, nyigu waliondoka wote, wakaacha nyumba yao nusu.

Cephus Mungin aliinua uso akatazama dari.

“Haya,” alisema. “Hiyo sasa ndiyo.”

Akaendelea kubembea.

Bi Candace alirudi kutoka kwenye tenisi saa sita. Alikwenda kuiona rangi, akafika kwenye ngazi ya kwanza ya baraza, akainua mguu, mguu ukakaa hewani. Akauteremsha. Akainua wa pili. Huo nao ukakaa hewani, kama mguu wa mtu anayetaka kupanda ngazi iliyochorwa ukutani. Alijaribu mara tatu. Mbwa wake alipita pembeni yake, akapanda, akalala chini ya kiti cha tatu. Mtu wa posta alikuja, akapanda, akaweka barua, akashuka, akamtakia siku njema.

“Ozella, mpenzi,” alisema Bi Candace akiwa kwenye nyasi, “umeweka gundi?”

“Hapana, Bi Candace.”

Bwana Kessler aliitwa. Yeye alichukua mbio fupi kutoka barabarani, akasimama mbele ya ngazi ya kwanza kama gari lililoishiwa mafuta. Bwana Pruitt alijaribu kinyumenyume. Mgeni wake kutoka Cleveland alijaribu kwa magoti. Fundi wa mabomba, ambaye mama yake alikuwa Frazier, alipanda akiwa na sanduku la vyombo begani, akaomba maji.

Hakuna aliyefadhaika. Bi Candace alizunguka akaingia kwa mlango wa gereji. Kwa kweli miaka yote minne alikuwa akiingia kwa mlango wa gereji. Baraza lilikuwa la picha.

Wiki mbili baadaye lile jarida lilirudi. Walimpiga picha Cephus akiwa amekunja miguu, dari la buluu juu yake, mbwa chini yake, na Bi Candace amesimama kwenye nyasi na gilasi ya chai ya barafu yenye sukari, akitabasamu kutoka pale alipoweza kufika. Maandishi yalisema ukarimu wa Kusini haufi. Ndani waliandika kwamba rangi halisi ya nili humzuia mwenye nyumba asipande barazani kwake, na kwamba hiyo ni alama ya nyumba ya asili.

Basi kila mtu akaitaka. Bwana Pruitt aliipaka. Bwana Kessler aliipaka mbele, nyuma na kwenye banda la gari la gofu, akawa hawezi kulitoa gari. Watu walijisifu kwenye chakula cha jioni. “Mimi nasimama hatua mbili kabla ya ngazi,” alisema mmoja. “Mimi siwezi hata kushika ua wa nyumba yangu,” alisema mwingine, na wote wakamwonea wivu. Kamati ilichapisha vitambulisho thelathini na kimoja vya wafu, vya kuning’iniza shingoni, na bango jipya la shaba lenye idadi yao. Jumamosi walileta watalii kwa mabasi madogo. Kila mtalii alipewa kikapu kidogo kilichosukwa kwa mashine mahali pengine.

Vyombo vya makaburini havikurudishwa. Vilikuwa vimeshazolewa na takataka nyingine.

Verdie Mungin alikufa mwezi wa Agosti, asubuhi, akiwa ameshika kikombe chake cha kahawa. Ozella alikitoa vidoleni mwake akakivunja mkono. Kisha alivaa nguo safi akaenda kwa Bwana Kessler, akasimama kwenye nyasi, kwa sababu Bwana Kessler naye alikuwa kwenye nyasi.

“Bibi amefariki,” alisema.

“Oh, pole sana. Alikuwa hazina ya kisiwa chetu.”

“Mlisema mtafungua.”

Bwana Kessler alikunja uso kwa upole. Alikuwa amejifunza upole ule mwaka wa pili, pamoja na kuburuza maneno.

“Tulisema wakiondoka, Ozella. Hawajaondoka. Na ukweli, sasa tunashukuru hawajaondoka. Halafu kuna jambo la bango. Limeandikwa thelathini na mmoja. Ni shaba ile. Huwezi kufuta.”

Ozella alifungua mdomo. Lilikuwepo neno pale, tangu siku ya nyigu lilikuwepo. Alihisi uzito wake juu ya ulimi kama kokwa.

“Asante, Bwana Kessler,” alisema.

Walimzika Verdie nyuma ya duka la matairi, mahali ambapo maji ya karibu ni ya mtaro. Ozella aliweka kikombe juu ya udongo.

Jumanne iliyofuata alikwenda kazini kama kawaida. Langoni palikuwa na foleni upande wa wageni. Kati ya gari la maua na gari la fundi wa viyoyozi alikuwa amesimama Verdie Mungin kwa miguu, amevaa kofia yake nyeupe ya kanisani, mkoba kwenye kiwiko, kikombe mkononi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi, kwa sababu kutoka duka la matairi hadi langoni ni mwendo wa saa moja.

Mlinzi alikuwa Shemasi Rufus Bligen, wa kanisa lao. Alikuwa na orodha kwenye ubao.

“Fungua, Rufus,” alisema Verdie.

“Mama Verdie. Shikamoo.”

“Marahaba. Fungua.”

“Jina lako halimo, mama.”

“Rufus. Umekula kaa wangapi mezani kwangu?”

“Wengi, mama.”

“Na harusi yako keki alioka nani?”

“Wewe, mama.” Shemasi alishusha sauti. “Kamera inanitazama. Na wana wawili wa binti yangu wanakula kwa kazi hii.”

“Nilizaliwa humu. Pale penye gari la yule mwanamke.”

“Najua. Mama yangu alizaliwa palipo na choo cha mgahawa. Wanasema hata aliyezaliwa humo awe kwenye orodha.”

Verdie akamtoa uzi kwenye bega la sare.

“Basi nitasubiri,” alisema. “Simama wima. Umekuwa kama kamba aliyechemshwa.”

Ozella alikuwa upande wa wafanyakazi. Kibali kilichoning’inia kwenye kioo cha gari lake kiliandikwa: mtu mmoja. Aliteremsha dirisha.

“Bibi.”

“Nenda kazini, mtoto. Umechelewa.”

Akaenda.

Verdie alisubiri siku ile, na ya pili yake, na Septemba yote. Alikuja asubuhi na kuondoka jua likizama. Wakazi walimzoea, wakampungia mkono kutoka ndani ya magari yao. Mmoja aliandikia Kamati kwamba yule bibi wa langoni anapendeza, ila kofia ingekuwa ya nyasi ingelingana zaidi na mazingira. Kamati ilinunua kofia ya nyasi. Verdie aliiweka juu ya nguzo ya lango, na ikabaki pale.

Barazani kwa Bi Candace, Cephus alikuwa amegeuza kiti cha tatu kikaelekea langoni, ambako hakuonekani kutoka pale kwa sababu ya miti. Kwenye kiti cha nne aliweka kofia yake. Mtalii akitaka kukikalia, alisema, “Pana mtu.”

Mapema Oktoba mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ozella alipopita langoni, bibi yake alikuwa amefunika kofia nyeupe kwa mfuko wa nailoni, na kikombe kilikuwa kimejaa maji ya mvua. Shemasi Bligen alikuwa ametoka kwenye kibanda chake, akamshikia mwavuli kwa mkono mmoja na orodha kwa mkono mwingine.

Saa nne mvua ilikatika. Bi Candace alitoka kwa mlango wa gereji na sinia ya gilasi za chai, akazunguka hadi mbele, akasimama hatua mbili kabla ya ngazi.

“Wapelekee, mpenzi. Basi la Jumamosi limekuja leo.”

Ozella alichukua sinia, akapanda. Alitaka kuiweka kwenye kiti cha nne.

“Pana mtu,” alisema babu yake.

“Najua, Babu.”

Aliiweka chini, sakafuni. Watalii walikuwa wamepanga mstari kwenye nyasi, simu zimeinuliwa, nyuma ya Bi Candace. Juu, dari lilikuwa kavu na safi, halina nyigu hata mmoja.

“Ozella,” alisema Bi Candace, na aliinua sauti ili wageni wasikie, kama alivyofanya kila mara walipokuja watu. “Wewe ndiye unayeyajua mambo haya. Mbwa anapita. Mtu wa posta anapita. Wafu wanakaa wanavyotaka. Hebu tuambie, kwa nini rangi inanizuia mimi?”

Mara zote alizoulizwa, Ozella alijibu, “Sijui, Bi Candace,” na wageni walicheka kwa furaha, kwa sababu walipenda mambo yasiyojulikana yabaki bila jibu.

Alipangusa mikono kwenye aproni. Cephus aliacha kubembea.

“Bibi yangu alizaliwa kwenye gereji yako,” alisema Ozella. “Sasa hivi yuko langoni, amelowa. Rangi haijakosea. Jinamizi ni wewe.”